Kwa nini bustani za burudani za Florida hufungwa saa chache tu kabla ya kimbunga?

#1 Msomaji wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Kuna jambo linalonisumbua kuhusu kimbunga Milton cha Oktoba 2024. Jumatatu ya tarehe 7 kilikuwa kimeshafika daraja la 5, upepo wake ukikaribia kilomita 290 kwa saa juu ya Ghuba ya Meksiko, na kila aliyekuwa na televisheni alijua kwamba kinaelekea Florida. Hata hivyo, Jumatano ya tarehe 9 bustani zote nne za Disney World kule Orlando zilifungua milango asubuhi. Animal Kingdom na Hollywood Studios zilifungwa saa saba mchana, Magic Kingdom na EPCOT saa nane, na saa mbili na nusu usiku jicho la kimbunga likatua Siesta Key, pwani ya magharibi ya Florida. Universal nayo ilifungwa saa nane mchana. Nashawishika kwamba sababu ni fedha, kwa kuwa tangu mwaka 1971 Disney World imefungwa kwa ajili ya vimbunga mara tatu tu. Mwenye maelezo tofauti ayalete.

#2 Mzee wa Kumbukumbu
Mtoa mada, hesabu yako haiko sawa. Ni kweli kwamba kwa miaka 28 ya mwanzo hapakuwa na kimbunga kilichoifungia, lakini Septemba 1999 Floyd ilivunja mwiko huo. Mwaka 2004 pekee vilipita vitatu, yaani Charley mwezi wa Agosti, kisha Frances na Jeanne mwezi wa Septemba. Matthew ilifuata mwaka 2016, Irma 2017, Ian 2022, na Milton hiyo unayoizungumzia. Hapo sijahesabu siku ambazo bustani zilifungwa mapema tu, kama ilivyokuwa kwa Dorian mwaka 2019 na Nicole mwezi wa Novemba 2022. Kufungwa kwa Septemba 11 mwaka 2001 na kule kwa korona mwaka 2020 ni habari nyingine kabisa, nisije nikajibiwa nazo hapa.

#3 Fundi Upepo
Nakubaliana na mzee wa #2 kuhusu hesabu, ila nadhani hoja yenyewe imeanza kwa kutazama saa isiyo yake. Watu wa maafa hawapangi shughuli zao kwa saa ambayo jicho linatua. Wanapanga kwa saa ambayo upepo wa kilomita 63 kwa saa unatarajiwa kufika eneo lao, kwa sababu kuanzia hapo kazi ya nje inaanza kuwa ya hatari, mabasi makubwa yanayumba, na upepo ukizidi kidogo hata magari ya zimamoto na ya wagonjwa huacha kutoka. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa ramani maalumu ya saa hizo. Sasa rudi nyuma kutoka saa hiyo. Wageni wanapaswa kusafirishwa hadi hotelini, wafanyakazi wafike makwao, viti na miavuli vifungwe, na mapipa ya taka yaingizwe ndani. Ukitoa muda wa kazi hizo zote utaangukia mchana, palepale bustani zilipofungwa. Mimi sioni ulafi hapo, naona ratiba.

#4 Mama Wawili
Asanteni kwa mada. Mimi naishi eneo la Tampa, na mwaka 2022 Ian ilipokuwa njiani mtaa wetu uliamriwa kuhama. Tulipata chumba katika hoteli moja ya Orlando, na nusu ya watu tuliowakuta mapokezi walikuwa wakimbizi wa kimbunga kama sisi, wenye mito ya nyumbani, makoti ya mvua na paka ndani ya vikapu. Kwa hiyo mnaposema "wageni", mkumbuke kwamba katika siku kama hizo hoteli za Orlando huwapokea watu wa pwani ambao hawakwenda kustarehe.

Mchana tulikuta karatasi chini ya mlango ikitutaka tuingize ndani meza na viti vya roshani. Vyakula viliuzwa mapema ndani ya mifuko: mkate wenye nyama, tufaha, bisikuti na chupa za maji, na foleni ya tanuri dogo la kupashia chakula ilizunguka hadi kwenye lifti. Usiku mvua ilipigwa na upepo ikapenya chini ya mlango wa kioo, nasi tukawa tunakunja taulo kuziba kizingiti, tunazikamua ndani ya sinki, na kuzirudisha. Beseni la kuogea nilikuwa nimelijaza maji tangu jioni ili maji yakikatika tuwe na ya kumwaga chooni. Watoto wangu walikasirika kwa sababu bwawa lilifungwa.

#5 Kaka Sungura
Pole, Mama Wawili. Ila Disney nao wana ujasiri wao. Tangu mwaka 1989 wana bwawa kubwa la michezo ya maji liitwalo Typhoon Lagoon, ambalo hadithi yake ni kwamba tufani ilipita ikakibomoa kijiji, na juu ya kilima chake imewekwa meli iliyokwama kileleni. Kimbunga cha kweli kinapokuja, hilo hufungwa kabla ya mengine. Tufani ya maonesho inaikimbia tufani halisi.

#6 Mfua Shuka
Naandika nikiwa mfanyakazi, si wa kampuni mlizozitaja, bali wa idara ya kufulia katika hoteli mojawapo ya njia ya watalii. Fundi Upepo ameeleza ratiba vizuri, lakini ameipitia kwa haraka ile sehemu ya "wafanyakazi wafike makwao". Kila hoteli na kila bustani huwa na kikosi cha kukesha, yaani watu wanaolala kazini tangu kabla ya kimbunga hadi barabara zifunguliwe. Wengine hujitolea kwa hiari kwa sababu jengo la kazini ni la zege, ilhali nyumbani kwao ni nyumba ya kuhamishika ambayo serikali inaamuru ihamwe, au ni chumba cha moteli kando ya barabara ya 192 kule Kissimmee. Wengine hawana hiari hiyo, kwa kuwa wana mzazi mgonjwa au mtoto mchanga nyumbani.

Mahali ninapofanya kazi tuliambiwa asubuhi kwamba zamu inaendelea hadi tutakapotangaziwa vinginevyo. Tangazo lilipokuja, vituo vya mafuta vya jirani vilikuwa vimefungwa na mifuko ya mchanga imekwisha. Mgeni alirudi chumbani kwake kwa kupanda lifti. Mimi nilikuwa bado sijafunika madirisha.

#7 Msomaji wa Chumbageni
Ndugu Mfua Shuka, hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta. Ratiba ya #3 inamfaa mgeni aliye mita chache kutoka kitandani kwake. Ukiihesabu kwa mfanyakazi anayevuka mji mzima kwenda kuzibia dirisha, saa saba mchana ni kuchelewa.

#8 Fundi Upepo
Sijasema ratiba hiyo inamtosha kila mtu. Nimesema kwamba imepangwa kwa upepo na si kwa mauzo ya tiketi. Hayo ni mambo mawili.

#9 Mhasibu Mstaafu
Naomba niongeze sababu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu inazishinda hizo mbili. Tazameni masharti ya kurudishiwa fedha. Disney huruhusu mgeni kuahirisha au kufuta safari bila tozo zake pale tahadhari ya kimbunga inapotolewa kwa eneo la Orlando, au kwa mahali mgeni anakoishi, ndani ya siku 7 kabla ya tarehe ya kufika. Neno tahadhari hapo ni la kitaalamu: Kituo cha Vimbunga hutoa ilani ya kwanza saa 48 kabla ya upepo mkali kutarajiwa, na tahadhari yenyewe saa 36 tu kabla. Familia inayotoka Uingereza au Brazil kwa wakati huo imeshafunga mabegi, pengine iko angani. Ina maana kwamba mtu mwangalifu aliyetaka kufuta siku nne kabla anaweza kujikuta analipa tozo, wakati aliyesubiri hadi dakika ya mwisho anasamehewa. Wageni wanajaa Orlando siku ya kimbunga kwa sababu masharti yanawapa kila sababu ya kusubiri. Wakishafika, mwenye bustani anafungua asubuhi kwa kuwa ana maelfu ya watu ambao vinginevyo wangezunguka barabarani.

#10 Binti Mafia
Bima ya safari je, haisaidii?

#11 Mhasibu Mstaafu
Inasaidia ikinunuliwa kabla dhoruba haijapewa jina. Ikishaitwa Milton, kwa makampuni ya bima hilo ni jambo linalojulikana tayari, na sera mpya hazilipii kinachojulikana.

#12 Nahodha Asiye na Chombo
Nimefuatilia tangu mwanzo na naona mnaongea kana kwamba Florida ndiyo dunia. Hong Kong wana alama za kimbunga zenye namba, na ikipandishwa namba 8 shule, ofisi nyingi na vivuko husimama bila mtu kubishana na mwingine. Mangkhut ilipofika tarehe 16 Septemba 2018, alama ikapandishwa hadi 10, na Hong Kong Disneyland pamoja na Ocean Park zilifungwa. Tokyo Disneyland ilifungwa tarehe 12 Oktoba 2019 kwa ajili ya Hagibis. Kama kampuni yenye jina lilelile inaweza kufuata alama ya umma Asia, kwa nini Orlando isiwe na kiwango kilichoandikwa ambacho mgeni na mfanyakazi wote wanakijua mapema?

#13 Mzee wa Kumbukumbu
Nahodha, hoja yako ni nzuri lakini Florida ni rasi ndefu, na kosa dogo la njia linabadilisha mji unaopigwa. Tarehe 13 Agosti 2004 macho yote yalikuwa Tampa, na watu wengi wa Tampa walikimbilia Orlando. Charley ikapinda kulia, ikatua karibu na Punta Gorda ikiwa ya daraja la 4, kisha usiku uleule ikapita Orlando penyewe. Waliokimbia waliifuata. Siku hiyo Animal Kingdom haikufunguliwa kabisa, na bustani nyingine zilifungwa mchana. Mwaka 2019 mambo yalikuwa kinyume: Dorian ilitazamiwa kuipiga Florida kwa nguvu, ikasimama juu ya Bahamas na kuiharibu vibaya, na Orlando ikapata mvua tu. Ukiweka kiwango kigumu cha siku tatu kabla, utafunga mara nyingi kwa kimbunga kisichofika, na mara ya nne hakuna atakayekusikiliza.

#14 Nahodha Asiye na Chombo
Mzee, namba 8 ya Hong Kong haipandishwi siku tatu kabla. Nayo hutegemea upepo unaotarajiwa mjini, kama alivyoeleza Fundi kwenye #3. Tofauti ni kwamba kule anayetangaza ni idara ya serikali, na huku kila kampuni inajitangazia.

#15 Mama Wawili
Kuna jambo lingine kuhusu kuhama mapema. Waliokuwa Texas mwaka 2005 wanakikumbuka kimbunga Rita. Mamilioni walitoka Houston kwa pamoja wiki chache baada ya Katrina, wakakwama barabarani kwenye joto kali, na kati ya watu zaidi ya 100 waliokufa, wengi walikufa katika kuhama kwenyewe. Ndiyo maana mimi siwalaumu wanaomwambia mtalii abaki ndani ya jengo imara badala ya kumsukumia barabarani. Kwa mtu aliye ndani ya hoteli ya zege katikati ya rasi, kuondoka kunaweza kuwa hatari zaidi ya kubaki.

#16 Kaka Sungura
Nimewahi kusikia kwamba lile kasri la Cinderella hufunguliwa vipande vipande na kuwekwa ghalani kimbunga kinapokuja. Kama ni kweli, basi hao hawana haraka na wageni, wana haraka na kasri.

#17 Fundi Upepo
Hizo ni porojo za muda mrefu. Kasri hilo lina urefu wa futi 189, mifupa yake ni ya chuma, na juu yake kuna zege na nyuzi za kioo zilizotengenezwa zifanane na mawe. Haliwezi kufunguliwa kwa siku mbili, na halina haja. Kinachofanya kazi kubwa zaidi pale hakionekani. Ardhi ile ilikuwa kinamasi, na miaka ya 1960 Jenerali Joe Potter, aliyetoka katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, alisimamia mfumo wa mifereji yenye milango inayofunguka yenyewe kwa maboya maji yanapopanda, bila umeme. Mvua ya kimbunga inapomwagika usiku kucha na umeme kukatika, milango hiyo haimsubiri mtu.

#18 Mzee wa Kumbukumbu
Ili tuone maana ya mifereji hiyo, tuitazame New Orleans. Kulikuwa na bustani iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa jina la Jazzland, ikaja kuwa Six Flags. Agosti 2005 walifunga mapema kabla ya Katrina, na kwa vigezo vya mtoa mada walifanya kila kitu sawasawa. Lakini bustani ilikuwa bondeni, imezungushiwa tuta, na mashine za kusukuma maji zilipozimika ikageuka beseni. Maji ya chumvi yalikaa wiki kadhaa na kuula umeme na chuma cha mabembea. Haikufunguliwa tena. Kibao cha langoni kilichotangaza kwamba bustani imefungwa kwa sababu ya dhoruba kilibaki pale mwaka hadi mwaka, na ubomoaji ulikuja kuanza mwaka 2024. Kufunga kwa wakati kuliwaokoa watu, hakukuiokoa bustani.

#19 Binti Mafia
Na ile rola kosta iliyosimama baharini ilikuwa ya hapohapo?

#20 Mzee wa Kumbukumbu
Hapana. Hiyo ilikuwa Star Jet ya Seaside Heights, jimbo la New Jersey. Kimbunga Sandy kiliivunja gati tarehe 29 Oktoba 2012, na ile reli ikaanguka baharini ikiwa karibu nzima, ikakaa hapo mpaka Mei 2013.

#21 Mchunga Punda
Hakuna aliyegusa wanyama. Animal Kingdom ina twiga, tembo, faru na simba, na kijiji chake cha Harambe kimejengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, hususan Lamu. Nimeona picha ya ndege heroe wamejazana ndani ya choo cha wanaume kwenye bustani hiyo wakati wa kimbunga. Nadhani wanyama ndio wanaochelewesha au kuwahisha kufunga, wala si mgeni.

#22 Kaka Sungura
Picha hiyo si ya Disney, mkuu. Ni ya bustani ya wanyama ya Miami, mwaka 1998, wakati wa kimbunga Georges. Labda unaichanganya na ile video ya heroe wakitembea kwa mstari kwenda kujificha, ambayo ni ya Busch Gardens kule Tampa wakati wa Irma, mwaka 2017. Wale walikwenda kwa nidhamu kuliko foleni ya tanuri la Mama Wawili.

#23 Mchunga Punda
Picha iwe ya wapi, hoja yangu iko palepale. Twiga hawezi kuambiwa saa nane aingie zizini, akaingia saa nane na dakika tano. Ndiyo maana siku ya Charley mwaka 2004 bustani hiyo haikufunguliwa, na wakati wa Milton ilifungwa saa nzima kabla ya Magic Kingdom. Wanaowalisha hulala nao humohumo hadi kimbunga kipite. Mnaotafuta kiwango cha mapema, mfanye kwa bustani zote kama inavyofanywa kwa wanyama.

#24 Mfua Shuka
Ndugu Mchunga Punda, umesema kwa upole jambo ambalo sisi wa kufulia huwa tunalisema kwa hasira.

#25 Msomaji wa Chumbageni
Naomba nimrudie Fundi Upepo. Nimesoma zaidi kuhusu tarehe 9 Oktoba. Vifo vya kutisha vya siku ile havikutokana na upepo wa jicho. Alasiri, saa kadhaa kabla kimbunga hakijatua upande wa magharibi, tonado zilipiga upande wa mashariki, na katika kijiji cha wastaafu cha Spanish Lakes, kaunti ya St. Lucie, watu 6 walifariki. Siku hiyo zilithibitishwa tonado zaidi ya 40 katika Florida. Ratiba inayotazama upepo wa kilomita 63 haizioni. Wageni walikuwa wakitoka bustanini na wafanyakazi wakiendesha magari katika alasiri ileile.

#26 Fundi Upepo
Hoja hiyo ina uzito, na sina jibu la kuifuta. Mikono ya nje ya kimbunga hufika kabla ya upepo wa kudumu, na tonado zake huzaliwa na kufa ndani ya dakika chache, hivyo hakuna ramani ya saa inayoweza kukwambia zitapita wapi. Lakini tazama pia upande wa pili: waliokufa Spanish Lakes walikuwa nyumbani kwao, katika nyumba za kuhamishika. Ukifunga bustani asubuhi, Mfua Shuka na wenzake wanakuwa ndani ya nyumba za aina hiyohiyo saa kumi alasiri. Hapo kufunga mapema kunaokoa muda wa kuziba dirisha, na papo hapo kunamtoa mtu kwenye zege.

#27 Mfua Shuka
Basi tufungulieni hiyo zege pamoja na familia zetu. Baadhi ya waajiri hufanya hivyo, wengine huleta vitanda vya kukunja kwa mfanyakazi peke yake na kumwambia watoto wabaki walipo. Hilo halihitaji kituo cha utabiri wala bima.

#28 Nahodha Asiye na Chombo
Na ndiyo maana nilisema liandikwe na serikali. Kampuni zikiachiwa, kila moja itakuwa na ukarimu wa kiwango chake.

#29 Mhasibu Mstaafu
Mkuu, serikali ya kaunti hutoa amri za kuhama na kufungua malazi ya dharura mashuleni, lakini kumwamuru mwenye hoteli awalaze jamaa za wafanyakazi ni suala la mkataba wa kazi. Hapo ningewasikiliza vyama vya wafanyakazi kuliko wataalamu wa hali ya hewa.

#30 Binti Mafia
Samahani, niwarudishe kidogo chini. Dada yangu yuko Ohio na amepanga kuwapeleka watoto Orlando Septemba ijayo, kwa kuwa bei ni nafuu. Msimu wa vimbunga si unaanzia Juni hadi Novemba? Aahirishe?

#31 Mama Wawili
Septemba ndiyo kilele cha msimu, na bei ni nafuu kwa sababu hiyohiyo pamoja na shule kufunguliwa. Asiahirishe kama hawezi kupata nafasi nyingine, ila anunue bima leo, achague ndege inayobadilishika, na achukue hoteli yenye milango inayofungukia korido ya ndani, si ile inayofungukia nje, tena asikubali chumba cha chini kabisa. Dawa za watoto awe nazo za wiki nzima. Asitegemee pia kutoka kwa ndege siku ya mwisho, maana uwanja wa Orlando ulisimamisha safari za abiria asubuhi ya siku ya Milton, wakati bustani bado zilikuwa wazi.

#32 Msomaji wa Chumbageni
Uwanja wa ndege ulifungwa asubuhi na bustani zikafungwa mchana? Fundi Upepo, hapo ratiba yako inasemaje?

#33 Fundi Upepo
Uwanja wa ndege una ndege za kuondoa na wafanyakazi wake wa kuwaruhusu. Ila hata mimi ningependa kusikia jibu la mtu wa viwanja vya ndege.